Bajeti Hupangwa Februari, Maandamano Huja Juni

Kijana wa Kenya akionekana leo kwenye picha ameketi mbele ya kamati ya Bunge, karatasi mkononi na kipaza sauti mezani, kabla jua halijatua atakuwa ameshaulizwa mtandaoni amelipwa shilingi ngapi. Uchungu ulio nyuma ya swali hilo naufahamu. Waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024 walifika 60 kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu (KNCHR), na kabla mwaka huo haujaisha tume hiyo ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa nyara tangu Juni. Aliyemzika rafiki yake hana deni la kumweleza mtu kwa nini hataki kumwona mwenzake akisalimiana na mheshimiwa. Hata hivyo swali lile linawakosea baadhi ya vijana, na hao ndio ninaotaka kuwatetea hapa, baada ya kuupa upande wa pili haki yake.

Wanaoshikilia kwamba njia ni barabara, yaani maandamano, wana hoja nzito. Mswada ule ulitaka mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, gari lilipiwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, na mafuta ya kupikia yabandikwe ushuru wa asilimia 25. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza TikTok kwa lugha ambayo mama mboga na mtu wa boda walielewa. Kamati ilikusanya maoni kama desturi. Lakini kilichoisogeza serikali ni 18 Juni: vijana walifurika katikati ya Nairobi, na siku iyo hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, akatangaza kwamba kodi ya mkate na ya magari zimeondolewa. Siku mbili baadaye wabunge 204 wakaupitisha mswada kwenye hatua ya pili, 115 wakipinga. Tarehe 25 wakaupitisha tena, 195 kwa 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Mwambie aliyekuwa pale kwamba njia iliyo bora ni kumwandikia barua karani wa Bunge. Atakucheka, na hatakuwa amekosea sana.

Mahakama nazo zimempa sababu ya kucheka. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, moja ya sababu ikiwa kwamba Bunge lilipokea maoni ya wananchi bila kueleza kwa nini lilikubali haya na kuyatupa yale, na kwamba vifungu vipya vilipachikwa baada ya wananchi kumaliza kusema. Miezi mitatu baadaye, 29 Oktoba, Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Kwa maneno mengine, mbunge anapaswa kukusikiliza, ila halazimiki kukujibu. Ilihimiza tu Bunge litunge sheria ya ushirikishwaji wa umma.

Kisha kuna suala la kutokuwa na kiongozi. Wazee wengi, hata wenye nia njema, walilalamika kwamba vijana hawana mtu wa kuzungumza naye. Vijana walijua wanachofanya. Kiongozi hununuliwa, na asiponunulika huja gari lisilo na namba usiku. Ruto alipopendekeza jukwaa la mazungumzo la watu 150, wengi walilikataa kabla viti havijapangwa, na kwa historia ya mazungumzo ya Kenya, ambayo huanza na maslahi ya taifa na kuishia kwenye vyeo vya wazungumzaji, sioni mtu wa kuwalaumu.

Ninaachana nao hapa. Tarehe 11 Julai Rais alilivunja Baraza la Mawaziri. Ulikuwa ushindi mkubwa. Viti vikawa wazi. Na waliovikalia ni nani? Baadhi ya mawaziri walewale walirudi, na ODM, chama cha upinzani wakati huo ambacho hakikuitisha maandamano yale, kikapata Hazina ya Taifa, Kawi, Madini na Ushirika. Serikali jumuishi ikazaliwa juu ya makaburi ya watoto ambao hawakuwa na chama. Nikisikia mtu akisema vijana walikwepa mtego kwa kutoingia, huwa najiuliza mtego huo ulimnasa nani hasa.

Kuna ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kalenda. Mswada wa Fedha, huu tunaoufia, ni hatua karibu ya mwisho. Kazi yake ni kutafuta pesa za kuziba pengo ambalo upana wake ulishakubaliwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka Hazina iwasilishe Bungeni taarifa ya sera ya bajeti ifikapo 15 Februari. Humo ndimo viwango vya juu vya matumizi vinapowekwa: wizara hii isizidi hapa, Bunge lenyewe lisizidi hapa, Ikulu isizidi hapa, kaunti zigawiwe kiasi hiki. Wabunge wana siku 14 tu za kuijadili. Tarehe iyo hiyo huwasilishwa mkakati wa madeni, yaani tutakopa kiasi gani, ndani au nje, kwa masharti gani. Makadirio ya kina hufuata ifikapo 30 Aprili. Mswada wa Fedha unapoanza kusambaa kwenye simu zetu mwezi wa Mei, ya kuamuliwa yameamuliwa. Lililobaki ni nani atakamuliwa.

Ruto mwenyewe, akijitetea baada ya kuutupa mswada, alisema kati ya kila shilingi 100 za kodi, 61 huenda kulipa madeni. Tuichukue kauli yake ilivyo. Ina maana mzozo mkubwa kuliko wote wa kodi katika historia yetu ya karibuni ulihusu namna ya kujazia zile 39, wakati mpango wa madeni unaokula 61 ulikuwa umepita Februari. Februari hiyo hakukuwa na bendera barabarani wala alama ya reli mtandaoni. Mkakati wa madeni hauna mkate ndani yake. Una jedwali, riba, na muda wa wastani wa kulipa. Haumkasirishi mtu hadi auelewe, na kuuelewa kunataka juma zima na mtu wa kukusaidia.

Kukataa nako kulikuwa na bei. Rais alidai kwamba bila mswada ingekuwa vigumu kuwaajiri kwa kudumu walimu vibarua 46,000 wa sekondari ya chini (JSS). Kauli hiyo ilinuka vitisho: walimu hao wengi ni vijana, na yalikuwa maneno ya kuwagonganisha na wenzao. Lakini jibu la kitisho cha namna ile ni kuwa na mtu upande wako aliyeshika makadirio, anayeweza kusema hapana, walimu waajiriwe, pesa zitoke kwenye fungu hili la safari na hili la ukarabati wa ofisi. Watu hao wapo. Wapo vijana wachache, wengi wao kwenye mashirika madogo ya kuchambua bajeti au wanaojitolea tu, ambao husoma hati za Februari na kuandika maoni. Ndio hao hao wanaoulizwa wamelipwa shilingi ngapi.

Kwenye kaunti hali ni ya kusikitisha zaidi, ingawa ndiko kijana angeweza kugusa kitu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi waulizwe. Aliyewahi kuhudhuria kikao cha wadi anajua kilivyo. Kimetangazwa kwenye gazeti ambalo mtaani halifiki. Ni Jumanne saa nne asubuhi, wakati kijana mwenye kibarua yuko kibaruani na asiye nacho yuko njiani kukitafuta. Chini ya hema kuna wazee, akina mama wa vikundi vya akiba, na vijana wanne wa mwakilishi wadi waliokuja kupiga makofi. Afisa wa kaunti anasoma kwa Kiingereza orodha ya miradi kutoka hati yenye kurasa mia kadhaa ambayo yeye peke yake anayo. Swali la kwanza linahusu nauli, na la pili pia. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanasaini, na saini hizo ndizo zitakazoambatishwa kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa. Sasa mweke hapo msichana mmoja aliyeisoma hati nyumbani, anyanyuke aulize kwa nini zahanati ileile imetengewa pesa miaka mitatu mfululizo na bado haina mlango. Kikao kinabadilika. Afisa anaanza kupekua karatasi. Pengine zahanati isijengwe mwaka huo pia, lakini swali limeingia kwenye kumbukumbu, na mwaka ujao mkaguzi au mwanahabari ana pa kuanzia.

Barabara itaniuliza: na akishauliza, atarudi nyumbani salama? Swali hilo ni la haki. Mwishoni mwa Mei 2025 mtayarishaji programu mmoja, mwanamke kijana wa Nairobi, alitengeneza ukurasa wa wavuti uliomrahisishia mwananchi kutuma pingamizi dhidi ya Mswada wa Fedha wa 2025. Ukurasa ulitaja vifungu vyenye utata na sababu zake. Unabonyeza, barua pepe inakwenda Bungeni. Alikamatwa, akapitisha sikukuu ya Madaraka rumande, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao kwamba ameingilia mifumo ya kamati. Tarehe 20 Juni mahakama ikaitupa kesi kwa kuwa shtaka halikuonyesha kosa lolote linalotambulika kisheria. Hakurusha jiwe, hakuvunja lango. Alifanya kile kile ambacho wazee wamekuwa wakiwaambia vijana wafanye, ila kwa ufanisi kupita kiasi.

Wengi waliisoma kesi hiyo kama ushahidi kwamba mlango umefungwa, basi turudi barabarani. Mimi naisoma vingine. Kama maoni ya maandishi ni mchezo wa kuigiza, kwa nini mtu alale seli kwa kuyafanya yawe mengi? Maoni 12 kutoka kwa mawakili na wahasibu kamati inayazoea. Maelfu, yenye kutaja kifungu na kasoro yake, hayapuuziki kirahisi, kwa sababu kila moja ni ushahidi unaoweza kubebwa hadi mahakamani. Kipo pia kilichotokea kimyakimya kwenye mswada uo huo. Kifungu cha 52 kilitaka kuiondoa kinga inayoizuia Mamlaka ya Mapato (KRA) kudai data binafsi za wateja na siri za biashara za kampuni. Maoni yakamiminika, kamati ikakikataa. Hakuna aliyezikwa kwa ajili ya kifungu cha 52.

Najua jibu lake: kamati ilikikataa kwa sababu ya woga, na woga huo ulipandwa na waliokufa 2024. Ni kweli, na sitaki kuupunguza ukweli huo hata kidogo. Bila Juni ile, Juni iliyofuata isingekuwa na wabunge wasikivu. Ila woga peke yake haujui kifungu cha kufuta. Lazima awepo wa kuonyesha kidole. Na woga hupoa. Tarehe 11 Desemba 2024, miezi sita tu baada ya moto wa Bunge, Rais alitia saini sheria ya marekebisho ya kodi iliyobeba baadhi ya mapendekezo yaliyokufa na mswada wa Juni, likiwemo la kuzitoza kodi kampuni za nje zinazovuna pesa mtandaoni. Baadhi yake, kusema haki, si mabaya. Lakini hayakupita kwa sababu vijana waliyapima wakaridhika. Yalipita Desemba, watu wakitafuta ndugu zao waliotekwa.

Wanaodhani hili ni la Kenya tu waitazame Madagascar. Vijana wa huko walianza Septemba 2025 kwa kudai maji na umeme, madai safi kuliko yote, na kabla Oktoba haijaisha Rais wao, Andry Rajoelina, alikuwa ameondoka. Aliyeapishwa ni kanali wa jeshi.

Kwa hiyo sitaki barabara ifungwe, na anayetaka vijana waache kuandamana waingie vyama afungue kwanza orodha za uteuzi za vyama hivyo. Ninachokipinga ni kule kumwita msaliti kila anayevuka mlango. Yupo anayelipwa, bila shaka. Tofauti yake na mwingine hujulikana kwa karatasi aliyowasilisha, si kwa picha aliyopigwa. Tuombe karatasi. Akishindwa kuitoa, basi tumseme.

Na ile sheria ya ushirikishwaji ambayo Mahakama ya Juu iliihimiza, ndani yake nataka kifungu kimoja kuliko vyote: kamati iandike, kwa kila hoja iliyopokea, imeikubali au imeikataa na kwa nini, na ichapishe majibu hayo kabla ya kura, kwa Kiswahili pia. Hoja za kudai kifungu hicho zinaweza kuandikwa sasa. Si lazima tungoje Juni.