Bedsita ya Dubai na Balbu ya Ngazi

Mimi ni mtu wa kubishania shilingi 20. Keateka, mtunzaji wa jengo letu la kupanga hapa Zimmerman, Nairobi, ananijua hivyo. Balbu ya ngazi ikiungua yeye hupita mlango kwa mlango akichangisha, na mimi nikisikia ndara zake nazima redio, nawaashiria watoto wanyamaze, tunakaa kimya kama waliotoroka jela. Balbu ya nani? Niko orofa ya kwanza, ngazi zangu ni 14 tu, nazipanda hata nikiwa na usingizi. Walipe wa orofa ya tano, ambao ndio huvunjika miguu. Huo umekuwa msimamo wangu tangu nihamie, wala sikuwahi kuuonea haya hadi chama chetu cha kuweka akiba kilipotaka kununua nyumba Dubai.

Tuko wanaume 12. Tulianza na mchango wa mazishi, tukaingia hema na viti vya kukodisha, halafu tukanunua kiwanja Joska ambacho mpaka leo kinamea miiba peke yake. Sasa Mwenyekiti akapata tangazo: wauzaji wa nyumba za Dubai wako kwenye hoteli moja Westlands, kiingilio bure, kuna chai na sambusa. Mkutano wa chama haujawahi kutimiza akidi. Siku ya sambusa tulifika wote 12, na mmoja alikuja na shemeji yake.

Kijana wa mauzo alivaa suti iliyombana hadi nikamhurumia. Akatuonyesha picha ya jengo ambalo bado halijajengwa. Nyumba yenyewe aliiita studio: kitanda hapa, jiko pale, kochi katikati, choo pembeni. Tukaangaliana. Jamani, hiyo si bedsita? Tena futi za mraba 400, baraza ikihesabiwa humo humo. Bei, dirhamu 560,000. Ukipiga dirhamu moja kwa shilingi 35, hiyo ni milioni 19.6. Ya bedsita! Lakini unalipa polepole, akasema, na kodi ya mpangaji itakurudishia asilimia 8 kwa mwaka, na kuna bwawa la kuogelea juu ya paa. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni Mwenyekiti, ambaye hajui kuogelea na huvuka daraja la Mto Nairobi akiwa ameshikilia chuma.

Mhazini wetu huuza vipuri Kirinyaga Road na huwa hasemi sana. Siku hiyo aliinua mkono akauliza, "Na takataka hulipwa na nani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana wa suti hakucheka. Alikohoa.

Kumbe kuna kitu kinaitwa ada ya huduma. Lifti, walinzi, bwawa, mazoezi, kufagia, bima ya jengo, meneja wa jengo, na akiba ya siku lifti itakapokufa, vyote mnagawana wenye nyumba kila mwaka kulingana na futi zako. "Ni kidogo tu," akasema kijana, "tunakadiria dirhamu 18 kwa futi." Kwa mwezi? La, kwa mwaka. Tukashusha pumzi. Dirhamu 18 ni nini? Hata chapati mbili na maharagwe ya Westlands zinazidi hapo.

Mhazini alikuwa ameshatoa simu. Mara 400, ni dirhamu 7,200. Mara 35, ni shilingi 252,000 kwa mwaka. Akagawa kwa 12, akaninyooshea simu nione mwenyewe. Shilingi 21,000 kwa mwezi.

Kodi yangu Zimmerman ni 15,000. Chumba, sebule, jiko na jirani anayefuga kuku kwenye kibaraza. Yaani kule Dubai, ada ya kufagiliwa ngazi peke yake inazidi nyumba ninayolala na mke na watoto watatu! Sambusa ilinikwama, nikapigwa mgongoni na yule shemeji ambaye hata si mwanachama.

Wiki iliyofuata tulikutana kwenye nyama choma, kilo tatu na kachumbari, Mhazini atusomee aliyoyachunguza. Alikuja na daftari la dukani, upande mmoja brekipedi, upande wa pili Dubai. Kwanza, kuandikishiwa nyumba kunakula asilimia 4 ya bei kwenye idara yao ya ardhi: 784,000 zimekwenda na hujapata hata kijiko. Pili, ubaridi. Mimi nilidhani ukizima kiyoyozi umemalizana nacho. Majengo mengi ya kule huletewa ubaridi kwa mabomba kutoka mtambo mmoja wa mtaa mzima, na bili yake ina sehemu mbili, ya ulichotumia na ya kuunganishwa tu. Hii ya pili haijali kama kuna mtu ndani. Mpangaji akihama, mwenye nyumba analipia hewa baridi inayozungukia kitanda kitupu, naye yuko Githurai anapepewa na gazeti.

Tatu ndiyo iliyomgusa Mwenyekiti, mtu wa kufuata habari za dola. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.67 kwa moja. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika shilingi 160? Basi dirhamu nayo ilikuwa 43 na ushee. Ile 252,000 yetu ingekuwa zaidi ya 310,000, bila ya jengo kuongeza hata ufagio. Kwa hiyo, Mhazini akasema, ada ipangieni bajeti kwa dirhamu, tena mwache nafasi. Na zile 18 za kijana mzisahau, ni makadirio ya jengo ambalo halipo. Idara ya ardhi ya kule huweka ada zilizoidhinishwa kwenye tovuti yake, jengo kwa jengo, kwa hiyo tutafute majengo yaliyokwisha ya mjenzi huyo huyo tuone watu wanalipa ngapi.

Mimi nikauliza swali langu, lile la moyoni. "Usipolipa je?"

Wote wakanitazama. Wananijua.

Sheria yao ya 2019, Mhazini akasema, inakupa notisi ya siku 30. Ukinyamaza, jambo linaenda kwa jaji wa utekelezaji, na nyumba inaweza kupigwa mnada. Nilihisi nyama ikipoa mkononi. Kule hata ukizima redio haisaidii.

Mwenyekiti akajaribu kuokoa jahazi: kama Dubai ni ngumu, twende Uhispania, ana binamu huko. Mhazini akafungua ukurasa mwingine. Uhispania, ukinunua nyumba ambayo mwenyewe hakulipa ada ya jengo, deni la mwaka huo na la miaka 3 iliyotangulia linaweza kukufuata wewe mnunuzi, ndiyo maana lazima udai cheti cha madeni kabla ya kutia sahihi. Huku kwetu aliyehama hukuachia mende na kalenda ya kuku wa kukaanga. Nikawaambia afadhali mende, hao hawana riba.

Tukapiga kura. Watano wakataka Dubai, watano wakataka kuzungushia Joska ua, mmoja alikuwa msalani, na mimi nikasema nipewe muda. Nyama ikalipwa kwa kichwa, sawa kwa sawa, ingawa Mwenyekiti alikula mbavu zote. Hilo nililitafakari njiani kote ndani ya matatu.

Nikafika saa tatu usiku. Ngazi giza totoro, na chini yake keateka na tochi ya simu.

"Baba Shiro, leo nimekupata nje. Balbu, 20."

Nikamwambia, mzee, hapo ndipo mnapotuumiza. Walioendelea hawagawani kwa mlango, wanagawana kwa futi. Wa orofa ya nne ana vyumba viwili, mimi kimoja. Atalipaje sawa na mimi? Nilisema kwa sauti, majirani wasikie.

Keateka zamani alikuwa fundi wa mjengo. Hakubishana. Aliingia chumbani mwake akatoka na futi kamba, akapanda kwangu, akapima sebule, chumba, jiko, halafu akafungua mlango wa nyuma akaanza kupima baraza, ile ndefu ya kona tunayoanikia nguo za watoto.

"Baraza pia?"

"Si umesema kama walioendelea?"

Akaenda orofa ya nne, akarudi akipiga hesabu kwenye kiganja. Wa vyumba viwili hana baraza. Mimi ni 27, yeye ni 24. Mama Shiro alikuwa mlangoni, amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika.

Keateka akachomoa penseli sikioni, akaandika 27 ukutani kando ya mita yangu ya stima. Nikamulika nione vizuri. Juu yake kulikuwa na 20 nyingine saba, zimepangwa safu, kila moja na tarehe yake.