Kinachokosekana Dodoma si mitelezo ya maji

Sisi tunaoishi nje tuna lalamiko letu ambalo huchomoza kila tiketi za likizo zinapokatwa: Dodoma watoto watacheza wapi? Anayelianzisha huwa ametoka kupeleka wanawe kwenye michezo ya maji huko aliko, simu imejaa picha, na anashangaa inakuwaje makao makuu ya nchi, jiji tangu Aprili 2018, lenye watu zaidi ya 765,000 kwa sensa ya 2022, halina mitelezo ya maana. Wenzake wanaitikia, na kabla ya jioni Dodoma imeshageuzwa kijiji.

Mimi nimezaliwa na kukulia Chang'ombe ya Dodoma, sasa naishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, na kwa maoni yangu tunalilia kitu sicho.

Ninakoishi mimi, mitelezo ipo kupita kiasi. Kwa gari, mwendo wa saa mbili hivi, kuna kimji kinaitwa Wisconsin Dells. Wakazi wake ni kama 3,000 tu, lakini mji mzima unakula kwa kuteleza na kurusha maji, na wenyewe wanajitangaza kuwa makao makuu ya dunia ya michezo hiyo. Noah's Ark, bustani ya michezo ya maji iliyo ya wazi, ilifunguliwa mwaka 1979. Kalahari, hoteli yenye michezo hiyohiyo, ilifuata mwaka 2000, na bustani yake kubwa iko ndani ya jengo, maana majira ya joto kule ni mafupi: bustani za wazi hufunguliwa mwishoni mwa Mei na Septemba ikianza tu zinafungwa. Kwa hiyo unakuta nje theluji imefika magotini, ndani watu wamevaa nguo za kuogelea, maji ya uvuguvugu. Kalahari yenyewe imepambwa kwa tembo na vinyago vya mtindo wa Afrika. Nilipomsimulia baba kwamba wameipa bustani ya maji jina la jangwa, alisema basi Dodoma tuna haki ya kufungua kumi.

Siku ya kwenda huko hupangwa mapema, na anayepanga hasa si mama wala baba, ni tovuti ya tiketi. Jumamosi ina bei yake, Jumanne bei yake, na anayesubiri kununua mlangoni mara nyingi analipa zaidi. Kabati la kufungia simu na viatu linakodishwa. Bustani nyingi hazitaki uingie na chakula, basi chipsi na soseji unanunua humohumo kwa bei ya humohumo. Halafu kila mtelezo una fimbo ya kupimia urefu. Mikubwa mingi inataka inchi 48, yaani sentimita 122 hivi, na mtoto akipungua upana wa kidole, hata alie vipi, hapandi, ingawa kiingilio kimeshalipwa. Ngurumo ikisikika filimbi zinapigwa, wote nje ya maji, na kwa kawaida mnasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho ndipo mrudi.

Ubaya wa mpango wa namna hiyo ni kwamba familia inapunguzwa kwa kalamu. Kila kichwa kina bei, basi unaanza kukata vichwa. Rafiki wa mtoto unamwacha. Mama mkwe, ambaye hata kidole hataingiza majini, mara nyingi analipiwa kama mtelezaji, kwa hiyo anaambiwa abaki nyumbani apumzike. Nimeona siku hizo zikiishia kwa baba, mama na watoto wao wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakihesabu wameteleza mara ngapi, kiingilio kirudi.

Dodoma mambo ni kinyume. Andika tu kwenye grupu la familia, "Jumanne nawapeleka watoto kuogelea," tayari umeitisha ukoo. Wifi atauliza saa ngapi. Mtoto wa baba mdogo aliyeko Nkuhungu atasema ana wa kwake watatu na mmoja wa jirani ambaye mama yake yuko kazini, hawezi kuachwa peke yake. Mjomba atajitolea gari lake, Toyota Noah, ila mafuta ni juu ya shangazi wa Marekani, ambaye ni mimi. Gari linaondoka na watu ambao idadi yao siitaji, maana askari wa usalama barabarani nao wanasoma mitandaoni.

Kwanza mnapita soko la Sabasaba. Hoteli nyingi hazikubali mtoto aingie bwawani na kaptura ya shule, na watoto wengi wa nyumbani hawana nguo za kuogelea, kwa hiyo mnainama kwenye rundo la mitumba na kuchambua. Mtoto wa kaka yangu alichomoa moja ya zambarau yenye nembo ya timu ya kuogelea ya sekondari fulani ya Marekani. Imevuka bahari kuja kuuzwa kwa bei ya soda mbili, na bado lastiki yake nzima. Kwenye buti kuna chapati, kuku wa kienyeji kwenye hotipoti, na ubuyu, kwa sababu hakuna mtoto wa Dodoma anayekwenda mahali bila ubuyu.

Mlangoni mwa hoteli pameandikwa kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Kwetu kibao cha namna hiyo ni mwanzo wa mazungumzo. Mama anamsalimia mlinzi kwa Kigogo, mbukwenyi, wanaulizana vijiji, inatokea kuna shemeji wa mtu aliyeoa huko, na meneja anapofika mambo yameshalainika: hotipoti ziingie, soda zinunuliwe ndani, wadogo wawili wasihesabiwe. Bibi yao sijawahi kuona akitozwa kwa kuja kukaa kivulini. Kwa upande huu nyumbani wamewashinda Dells mbali sana, na sihitaji mtelezo wa ghorofa nne kulijua hilo.

Wanaokuja mwakani waangalie kalenda. Shule za Wisconsin hufunga Juni, na za Tanzania zina likizo ya Juni inayoishia mwanzoni mwa Julai. Ukizubaa unafika binamu wameshavaa sare. Tena hicho ni kipupwe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo unavuma tangu alfajiri, na mabwawa ya hoteli hayapashwi moto. Wanangu, ambao Januari wanaogelea huku nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, saa nne asubuhi ya Dodoma waligongana meno hadi wakajifunika kanga ya bibi yao. Nendeni saa saba, jua likishashika maji, mtoke kabla ya saa kumi na moja.

Wapo wanaosema twende Dar, Kunduchi au Kigamboni, ambako wenzetu wamezoea kupeleka watoto. Tangu treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ianze kufika Dodoma katikati ya 2024 safari ni saa tatu na nusu hivi, si kutwa nzima kwenye basi. Lakini ukishuka stesheni bado kuna foleni ya Kunduchi au ya kuvuka kwenda Kigamboni, watoto wameshachoka, na hapo tunazungumzia kulala. Bwawa la Mtera, njia ya Iringa, ni pa kununua samaki na kupiga picha. Kuna mamba na viboko. Basi.

Hoja kwamba Dodoma haina maji ya kuchezea ninaiheshimu zaidi, maana anayeitoa ni mama, aliyetulea kwa madumu. Jiji limetegemea visima vya Mzakwe kwa miongo, watu wameongezeka tangu serikali ihamie, na mtaa wenye mgao hauwezi kufurahia kuona maji yakiporomoka kutoka juu kwa ajili ya mchezo. Nikamweleza kwamba hayamwagwi, yanazungushwa: pampu inayavuta kutoka chini, yanachujwa, yanatiwa klorini, yanapandishwa tena, na maji yaleyale yanateremsha watu siku nzima. Kinachopotea ni kile kinachoruka nje, kinachotoka na nguo, na kinachokauka. Akaniambia, "Hicho cha mwisho umekitaja haraka." Na ana haki. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua na upepo wa miezi iliyobaki vina uwezo wa kukausha zaidi ya hiyo mara kadhaa. Bustani ya wazi ya ukubwa wa Dells hapa ingekuwa inaongezewa maji bila kupumzika. Anayetaka kuijenga atafute pia kisima chake.

Mimi ninachokionea wivu kule ni kitu kingine kabisa. Ukienda Dells acha kutazama mitelezo, mtazame binti wa miaka kumi na sita hivi aliyeketi juu ya kiti kirefu, boya jekundu limelala mapajani, filimbi shingoni. Kichwa chake hakitulii. Kushoto, katikati, chini karibu na miguu yake, kulia, anaanza upya. Hana simu. Ukimsemesha atakujibu huku macho yako majini. Bustani nyingi za Marekani huwafundisha kwa kipimo cha 10/20: ndani ya sekunde 10 awe amemwona aliye taabuni, ndani ya 20 nyingine awe amemfikia. Zamu inapobadilika, anayeondoka hageuki mpaka anayeingia ameshaanza kutazama. Yote hayo ni kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, mikono inasukuma maji kwenda chini, na mtu aliye hatua tatu kando anaweza kudhani anacheza. Jaketi okozi zimetundikwa pembeni, unamvalisha mtoto bila kulipa. Hata ile fimbo ya sentimita 122 niliyoisema vibaya huko juu iko kwa kazi hiyohiyo.

Kwenye mabwawa tunayokwenda kwetu, mkata tiketi ndiye mpeleka soda, ndiye mwokota taulo, na ukimuuliza nani anaangalia watoto anakuonyesha nyinyi wazazi. Namba za kina ukutani zimefutika. Hakuna kamba inayotenga upande wa kina kirefu. Wazazi tupo, tena wengi kuliko familia yoyote ya Dells, lakini tumezunguka meza, stori zimenoga, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayeangalia. Anayeangalia kweli ni bibi. Anawahesabu kwa majina, akikosa mmoja anasimama. Na bibi hajui kuogelea.

Angejifunzia wapi? Sisi tulikua na makorongo, makavu miezi chungu nzima, halafu siku moja maji yanakuja yote kwa pamoja. Ndiyo maana kila msimu wa mvua hatukosi kusikia mtoto ametumbukia kwenye shimo lililochimbwa mchanga, au kwenye lambo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtu akisikia habari hizi anafikiria ziwa au bahari. Dodoma hatuna ziwa wala bahari, na bado tunazika.

Nitaambiwa nimeleta uzungu. Nitaambiwa sisi tulilelewa na mtaa mzima na hakuna aliyetupigia filimbi. Sawa, na huo mtaa mzima ndio ninaoutaka pale ukingoni. Nasema tu mmoja wao aambiwe kwa jina kwamba sasa ni yeye. Kiti kirefu fundi yeyote wa kuchomelea anakiunga kwa siku moja. Kijana aliyefunzwa uokoaji analipwa mshahara ambao hoteli yenye bwawa inaumudu, na sisi wateja tukiuliza mlangoni "mwokoaji wenu yuko wapi?" kabla ya kuuliza bei, watamwajiri. Hatuulizi. Tunauliza kama kuna Wi-Fi.

Mpango wa Juni ijayo tumeshauzungumza na wifi. Ukoo uleule, hotipoti zilezile. Tunamkodi kijana mmoja anayefundisha kuogelea, akae ukingoni muda wote tutakaokuwa pale bila kutumwa kazi nyingine, na saa ya kwanza awafundishe wadogo kuelea chali. Sanduku langu litabeba jaketi okozi za watoto badala ya chokoleti, ambazo hata hivyo huwa zinafika zimeyeyuka. Watu wazima tutapeana zamu ya kutazama maji, na mwenye zamu anamkabidhi mwenzake simu yake. Baba mdogo amekataa kutoa simu. Wifi amempangia zamu ya saa ya kula, watoto wote wakiwa nje ya maji.