Nyasi Zikatwe Kwanza, Urefu Tutaujadili Baadaye

Tulikuwa tunacheza gofu ya visahani, ambapo kila "shimo" ni kikapu unachokirushia kisahani, na shimo la 6 lilitukalisha karibu nusu saa, na wala si gumu. Ni mita 70 hivi, tambarare, kikapu unakiona ukiwa bado unajipanga kurusha. Rafiki yangu, ambaye alishika kisahani cha gofu kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile, alirusha mrusho wake bora wa siku. Kisahani kikapaa, kikaelea, kikaanza kupinda kushoto taratibu, kikatua. Sote tuliona kilipotua. Tukaenda pale pale. Hakipo.

Nyasi zilifika magotini. Kisahani cha gofu kina upana wa sentimita 21 hivi, na kikitua kwa kulala huteleza chini ya majani kama bamba, juu hakibaki kitu. Chake kilikuwa cha kijani. Tukapanga mstari, tukapekua kwa miguu, kisha kwa mikono, tukarudi mwanzo. Kanuni za mashindano hutoa dakika 3 za kutafuta. Zikiisha, kisahani kimehesabika kupotea, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na unarudi ulikorushia. Sisi hatukuwa mashindanoni, kwa hiyo tuliendelea. Nilikuwa namtazama usoni, na furaha ya ule mrusho ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Tulipokipata, alikichukua kimya, akaniuliza yamebaki mashimo mangapi.

Uwanja ule una mashimo 9, uko shambani mbali na mji, na kila anayeutaja huusifu kuwa ni rafiki kwa wanaoanza. Nakubali nusu. Sifa yenyewe imejengwa juu ya jambo moja tu, kwamba mashimo yake ni mafupi. Mimi nasema ufupi hautoshi, na tena si wa kwanza katika orodha. Anayeanza anahitaji kuona anakorusha, kukipata alichorusha, na kujua aende wapi baada ya hapo. Ukimpa hayo matatu kwenye shimo la mita 100 atacheza kwa raha. Ukimnyima, hata mita 50 zitamchosha.

Kwa ambaye hajaujua mchezo huu: unarusha kisahani kutoka sehemu maalumu, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Aliyetumia mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 kwenye bustani ya Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Mwanzoni watu walilenga nguzo tupu, na ubishi wa kama kisahani kimeigusa au hakikuigusa haukuisha. Headrick akabuni kikapu cha minyororo, na ubishi ukafungwa. Napenda sana chanzo hicho. Ile minyororo iliwekwa ili mtu asibaki na shaka juu ya mrusho wake, na mlio wake kisahani kinapoingia humwambia kila aliye karibu kwamba limekwisha. Rafiki yangu aliusikia mlio huo mara ya kwanza kwenye shimo la 2, kutoka hatua nne, akageuka kunitazama mdomo wazi.

Sasa turudi kwenye nyasi, maana hapa wengi wanaotengeneza viwanja hukosea. Watu wengi hutumia mkono wa kulia, na mrusho wa kwanza wanaofundishwa ni ule wa kuvuta kisahani kikivuka kifua. Kisahani kilichorushwa hivyo huzunguka kama mshale wa saa, na kikipungua kasi hupinda kushoto. Anayeanza hana kasi nyingi, kwa hiyo chake hupinda mapema na huishia kushoto zaidi. Hilo halihitaji uchunguzi. Kaa kando ya shimo lolote uwaangalie wageni watano. Basi kwa nini kichaka, bwawa na nyasi ndefu viwekwe kushoto? Kwenye shimo la 6 upande wa kulia ulikuwa umefyekwa safi, ambako hakuna mgeni hata mmoja aliyefikisha kisahani chake siku ile.

Mchezaji naye ana sehemu yake, na hapa nitasema bila kuzunguka: achaneni na visahani vya kasi. Visahani vingi vina namba nne juu yake, na ya kwanza ni ya kasi. Hufika hadi 14 au 15. Mgeni huvutiwa na namba kubwa akidhani itampeleka mbali. Kumbe kisahani cha kasi kina ukingo mwembamba unaodai mkono wenye nguvu na ufundi, na usipokipa kasi hiyo kinajibwaga kushoto kabla hakijafika popote. Chukua kimoja cha kasi 2 hadi 5, chenye uzito mwepesi kidogo, gramu 150 na kitu, na kiwe cha rangi kali, waridi au chungwa. Kimoja tu kinatosha uwanja mzima. Nilimpa rafiki yangu cha kijani kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho cha kasi ndogo, na sitarudia.

Jambo la tatu ni vibao, na shambani ndipo vinapohitajika zaidi. Kwenye bustani ya mjini ukipotea unauliza mtu. Kule tulimaliza shimo la 4 tukasimama katikati ya uwazi, vikapu viwili vinaonekana, na hakuna alama ya kusema kipi ni cha 5. Tukarusha kuelekea cha 8. Kibao cha mbao chenye mshale na namba kingetosha. Na si suala la usumbufu tu: kisahani ni kigumu, kikimpiga mtu kichwani kitamuumiza, na njia za shambani zina wapita njia ambao hawajui kuwa pale panachezwa. Aliyepotea uwanjani hurusha kuelekea walipo watu bila kujua.

Nawasikia wachezaji wazoefu wakisema uwanja mfupi unawachosha. Hoja yao ni ya haki, na dawa ipo: kila shimo liwe na sehemu mbili za kurushia, ya karibu na ya mbali, kwa kikapu kile kile. Mzoefu asogee nyuma mita 40, mgeni abaki mbele, wacheze pamoja na kuzungumza njiani. Uwanja ule una nafasi tele ya kufanya hivyo. Nafasi ndiyo utajiri wake, pamoja na utulivu. Hapakuwa na kundi nyuma yetu la kutuharakisha, na rafiki yangu aliweza kurudia mrusho mara tatu kwenye shimo la 7 mpaka mkono ukakubali. Uwanja wenye foleni usingemruhusu.

Nilizungumza na wanaoutunza. Ni watu wachache wanaojitolea, na walinisikiliza bila kukasirika. Shida yao ni mikono, si nia. Kwa hiyo Jumamosi tunarudi, mimi na rafiki yangu na wao wawili, na mashine moja ya kukatia nyasi. Tunaanza na shimo la 6, upande wa kushoto.