Sijafa, ni gego tu

Naona kwenye grupu mshaanza kuulizana habari za rambirambi. Mshikaji wangu yule kawaambia nilizimia ndani ya daladala nikaanza kunena kwa lugha. Uongo mtupu. Sikuzimia. Hiyo ya kunena tutaongea.

Si mnajua lile gego la chini lililokuwa linaninyima usingizi, juzi likang'olewa, na kung'olewa kwenyewe wala sio ishu, ganzi ikishika unasikia tu mtu anakusukumasukuma taya. Daktari akanipa pamba niing'ate kama nusu saa, nisiteme mate ovyo ili damu igande, nisinywee mrija, na panadol mbili nimeze kabla ganzi haijaisha, nisisubiri maumivu yafike ndo nianze kuhangaika nayo. Sasa mi mtu wa kufuata maelekezo.

Tumo kwenye gari la Rangi Tatu, foleni imegoma pale Kwa Azizi Ally, nikaona muda ndo huu. Pembeni yangu mama mmoja mtu mzima, kitenge cha krimu kipyaaa, kapakata pochi yake. Nikasogeza pamba kwa kidole, nikatupia vidonge mdomoni. Vikapotea. (Mliowahi kuchomwa ganzi mnanielewa, nusu ulimi haupo, mdomo haupo, mpaka kidevu ni cha mtu mwingine.) Nikapiga funda kubwa la maji, nikafunga mdomo. Yaani ubongo ulisema umefungwa. Upande wa kushoto ulikuwa wazi kama geti la mwenye nyumba mlevi.

Nilichosikia kwanza ni ubaridi kifuani. Naangalia chini, maji yanashuka, ya pinki, taratiiibu, yanafuata mkono, yanafika kwenye kiwiko, yanahamia kwenye kitenge. Mama anayaangalia. Mi nayaangalia. Hakuna anayesema kitu. Nikainama niyazuie, pamba nayo ikaona isibaki peke yake, ikateleza na damu yake yote ikatua juu ya pochi, pwaa, panadol moja imeganda katikati haijayeyuka hata robo.

Nikasema "samahani mama". Kilichotoka ni "hawahani wawa", na mapovu.

"Innalillahi!"

Jamani nahema, namtazama machoni, na kashanisomea! "Konda simamisha, kijana anatapika damu huku!" Gari zima likageuka, madirisha yakafunguliwa, kuna mmoja akauliza inaambukiza au haiambukizi. Na mshikaji, mtu pekee aliyekuwa anajua nimetoka kung'oa jino, kajikunja kwenye siti anacheka mpaka sauti haitoki.

Tukashushwa. Nilikuwa na pamba ya akiba nikang'ata, bodaboda, nyumbani, panadol zingine nikazimeza mbele ya kioo huku nimebana mdomo kwa vidole, usiku ganzi ikaisha taya likawaka kidogo lakini dawa ilishawahi, kesho yake maji ya vuguvugu na chumvi, uji uliopoa kwa kijiko, basi, niko fiti.

Mama wa kitenge, nikikuona nakununulia sabuni, naapa. Na we konda, uliondoka na elfu mbili yangu, chenji naidai.