Shaaban hana ukoo wa Robert: vigezo vya rejea vinatukosea

Niseme mapema kabisa, kigezo cha rejea, yaani ile fomu ya Wikipedia unayoijaza kuonyesha taarifa umeitoa wapi, kinachoanza kwa kunidai jina la ukoo halafu jina la kwanza kimeshaharibu kabla sijafika hata kwenye kichwa cha kitabu. Huku Tanga wengi wetu hiyo kitu hatuna. Mtu ana jina lake, jina la baba, na la babu akipenda, basi. Fomu za maofisini zimetuzoesha kujaza vile vyumba vitatu na tunajaza tu ili foleni isogee, ila kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, inayosomwa na mtu wa Muheza na mtu wa Oslo saa hiyo hiyo, kile chumba kinapotosha taarifa yenyewe.

Tuchukue mtu wa hapa hapa. Shaaban Robert kazaliwa 1909 Vibambani, huku huku pwani yetu, akafariki 1962. Robert ni jina la baba yake. Sasa mtu anaandika makala, anataka kitabu cha mzee kikae kwenye tanbihi, anafungua kigezo kilichokopiwa toka Wikipedia ya Kiingereza, kwenye last (chumba cha ukoo) anaweka Robert, kwenye first (cha jina la kwanza) anaweka Shaaban, anasevu, na chini ya ukurasa inatoka "Robert, Shaaban". Hapo kashapangwa kwenye herufi R, na ukitumia ule mtindo wa rejea fupi yenye jina na mwaka tu, anayetajwa kila mahali ni baba mtu. Mwenzake kwenye makala nyingine anajaza jina lote kwenye chumba cha author, yaani mwandishi, "Shaaban Robert", huyo anatokea kwenye S. Mtu mmoja kakaa herufi mbili, na programu ikija kuhesabu itakwambia hao ni waandishi wawili.

Jaribu na Siti binti Saad uone: "Saad, Siti binti". Hiyo binti imening'inia pale mwisho haina pa kwenda! Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wetu wa Tanga, ndo kabisa, kila mmoja anamkata anapotaka, huyu anaanza na Abdallah, yule Buhriy, wa tatu anaanza na ile el kwenye herufi E.

Na wala siyo sisi peke yetu. Iceland watu wanatumia jina la baba vile vile na wanapangwa kwa majina yao wenyewe, Ethiopia hali kadhalika, Hungary ukoo unatangulia kwa hiyo hakuna cha kupindua wala mkato wa kuweka. Watu wa maktaba hili wanalijua siku nyingi. Sasa mtu akiniambia last na first ndo utaratibu wa dunia, mi naona ni utaratibu wa baadhi ya nchi tu uliowahi kuingia kwenye mashine kabla ya mingine.

Ninachotaka ni chumba kimoja cha jina, liandikwe kama lilivyo kwenye jalada. Chumba cha pili kiwe cha hiari, cha kupangia herufi, ajaze anayejua anachofanya. Cha tatu kiwe namba ya mtu kwenye Wikidata, ile hifadhi ya data iliyo ndugu na Wikipedia, maana ipo tangu 2012 na inampa kila mtu namba yake inayoanza na Q, kwa hiyo uandike Shaaban bin Robert, uandike Shaabani, zote zinaishia kwa mtu yule yule. Mtaniambia mbona hicho chumba cha author tayari kipo. Kipo ndiyo. Lakini kaangalie kile kitufe cha kutengeneza rejea chenyewe, unapesti linki ya gazeti kinakujazia kila kitu: jina kinaligawa bila kukuuliza, na anayeediti kwa simu na bando la kuungaunga harudi kulirekebisha, kwanza hajui hata kama limegawanywa.

Tarehe nazo zina mambo. Kwenye vigezo vya Kiingereza, tangu 2013 kazi yote inafanywa na moduli za Lua, yaani programu ndogo ndogo zinazokaa nyuma ya kigezo, na ndani yake kuna sehemu ya kukagua tarehe yenye jedwali la majina ya miezi. Wikipedia ya lugha nyingine iliyokopi moduli bila kujaza lile jedwali kwa lugha yake, ukiandika "12 Machi 2018" inakutolea maandishi mekundu kwamba tarehe ina walakini. Machi! Basi watu wanajifunza kukwepa, wanaandika 2018-03-12, na msomaji wa kawaida anabaki kukisia ipi siku ipi mwezi. Kulirekebisha ni suala la mistari kumi na mbili, Januari mpaka Desemba, anayeruhusiwa kuhariri moduli anaweza kumaliza chai ikiwa bado ya moto.

Ila kosa la maandishi mekundu lina nafuu, angalau unaliona. Kuna kosa lingine mashine inalipitisha kimya kimya. Ule utenzi wa Hemedi bin Abdallah, Vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mwaka umo kwenye jina lake lenyewe, 1307, na huo ni mwaka wa Hijria, ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890, ni enzi za kina Abushiri na Bwana Heri kupambana na Wajerumani huku pwani. Mtu wa haraka haraka akiweka 1307 kwenye chumba cha mwaka, kigezo kinapokea vizuri tu, namba nne, iko chini ya mwaka huu, sawa pita. Msomaji anaondoka na Wajerumani waliotua Pangani karne ya 14. Na huwezi kumlazimisha mwandishi abadilishe kabla ya kujaza, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida unaangukia kwenye miaka miwili ya Masihi, bila kujua mwezi utachagua upi? Kwa hiyo weka chumba cha tarehe kama ilivyo kwenye chanzo, na pembeni weka cha kalenda gani. Nyaraka za pwani zenye Hijria ziko nyingi mno kuziita vighairi.

Maneno ambayo kigezo kinajiungia chenyewe nitayapitia haraka. Kitabu kilichapishwa, gazeti lilichapishwa, ripoti ilichapishwa, na kigezo ni kimoja, hivyo ukimpa kitenzi lazima akosee ngeli mahali fulani. Msimpe kitenzi. "Uk.", "kur.", "Tarehe ya kusomwa", nukta mbili, imetosha.

Sasa hapa najua nitagombana na watu ninaowaheshimu, wakiwemo kaka zangu wa hapa mjini wanaoediti kuliko mimi. Kuna wanaotaka majina yote ya vyumba yawe Kiswahili: mwandishi, kichwa, mchapishaji, mahali. Inapendeza. Wajerumani walifanya hivyo wana Autor na Titel, Wahispania wana apellidos na nombre, na wana watu wa kutosha wa kufagia kila siku. Sisi tuko wachache, makala nyingi zinatafsiriwa toka Kiingereza na rejea zake zinakuja hivyo hivyo kwa kukopi na kupesti. Ukiondoa title ukabakisha kichwa peke yake, kila rejea inayovushwa inavunjika siku hiyo hiyo. Mi nasema jina la Kiingereza libaki nyuma linafanya kazi, la Kiswahili lipokelewe pia kama mbadala wake, na kwenye dirisha la kujazia mtu asome Kiswahili. Hilo linawezekana kwa TemplateData, sehemu ile inayokuruhusu kuandika lebo ya kila chumba kwa lugha unayotaka bila kugusa kigezo. Nguvu zitakazobaki zipelekwe kwenye jina na kalenda, huko ndo kwenye madhara.

Na tusijidanganye kwamba tukishatengeneza tumemaliza. Kila Wikipedia inakaa na kopi yake, hakuna kigezo kimoja cha wote, hivyo wenzetu wa Kiingereza wakibadilisha moduli sisi yetu inabaki ya zamani mpaka mtu aikumbuke. Kopi ikiwa nyepesi inatunzika. Hata ISBN, ile namba ya utambulisho wa vitabu, sioni sababu ya kuitanguliza, mfumo ule umeanza 1970, na gazeti la Kiongozi lililokuwa likichapwa hapa Tanga enzi za Mjerumani halina ISBN wala linki, linahitaji chumba cha kusema nakala iko maktaba gani.

Limebaki la masimulizi ya wazee, ambalo kila tukikaa lazima liibuke. Mwaka 2011 kulifanyika majaribio India na Afrika Kusini ya kutumia mazungumzo yaliyorekodiwa kama rejea, na mabishano yake hayajaisha mpaka leo. Kuna mzee wa Tongoni anajua mitego ya samaki ambayo sijawahi kuiona imeandikwa popote, namna ya kuisuka, upepo upi unatega upande gani wa mwamba, ukimwacha aongee anakupa mpaka jina la fundi aliyemfundisha. Kigezo chake ningekiweka: nani kasema, wapi, tarehe gani, nani alimrekodi, alikubali itumike au hakukubali, na rekodi inasikilizwa wapi. Hiki cha mwisho kisiwe cha hiari. Kikiwa kitupu kigezo kigome na kiseme kimegoma, hata kama mrekodi anamwamini vipi mzee wake.