Vreeswijk si pombe na madeni tu

Mhariri, makala yenu kuhusu mwimbaji Cornelis Vreeswijk imejaa pombe na madeni, muziki wenyewe mmeupitia juu juu. Mtu huyu alizaliwa Uholanzi mwaka 1937, akahamia Uswidi na wazazi wake akiwa na miaka 12. Kiswidi alijifunza huko huko, na hadi anafariki mwaka 1987 hakuwahi kuwa raia wa nchi hiyo. Sasa sikilizeni anavyoimba tungo za Bellman, mshairi wa Stockholm wa karne ya 18! Wengi walizoea kuziimba kwa madaha ya ukumbini. Yeye alizichukua kwa sauti nzito ya kukwaruza, yenye muziki wa bluzi (blues) ndani yake, na wale walevi wa vilabuni wanaosimuliwa katika tungo hizo wakawa binadamu kamili, wenye njaa na hofu ya kufa. Halafu mwaka 1978 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Victor Jara, yule mwimbaji wa Chile aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1973, akiziimba kwa Kiswidi. Hilo hamkuligusa kabisa, nami naona ndilo lingepaswa kutangulia. Tafadhali andikeni tena kumhusu, safari hii anzeni na nyimbo.