Binti yangu amche Mungu, asilelewe kwa aibu

Nina mabinti wawili, mkubwa yuko fom tuu na anasoma kipaimara mwaka wa pili, mdogo ana miaka tisa, na nawalea kizamani, nasema hivyo wazi. Kwangu tunasali kabla ya kula na kabla ya kulala, Jumapili hatuulizani kama tunaenda kanisani, shikamoo anapewa kila mkubwa anayeingia getini hadi fundi bomba, na simu inalala chumbani kwangu kuanzia saa tatu usiku. Sioni haya kwa hilo na sitaacha.

Ila kuna kitu nimekaa nacho moyoni miaka mingi kuhusu sisi Wakristo na watoto wa kike. Tunawatisha kwa aibu alafu tunaamini tumewafundisha kumcha Mungu.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Uchagani, dada yangu mmoja mtoto wa mama mkubwa akapata mimba akiwa fom thrii. Huyu ndo msichana tuliyekuwa tunaambiwa tumuige, anaimba kwaya, anafua nguo za bibi, hana kelele. Alificha miezi sita, anajikaza na kanga tumboni chini ya sketi ya shule, na mimi nililala nae kitanda kimoja na sikujua kitu. Shule ikamfukuza. Nyumbani wajomba wakakaa kikao, kilichoongelewa mwanzo mwisho ni jina la ukoo. Alipojifungua akasimama mbele ya usharika kurudi kundini, Walutheri wenzangu mnajua nachosema, jina linasomwa, unatubu, kanisa zima linakutazama, na yeye mtoto yuko mgongoni. Yule kaka aliyempa mimba siku ileile alikuwa kwenye benchi la kwaya anaimba besi.

Sipingi toba jamani, toba ndo mlango wetu sote. Lakini hata Walawi 20:10 imetaja wawili, mwanamume na mwanamke, na ukisoma Yohana 8 wanamleta kwa Yesu mama peke yake na wanasema wamemfumania, sasa mtu anafumaniwaje akizini peke yake? Binti yangu mkubwa nilipomsimulia habari ya huyu dada yangu kitu cha kwanza kuuliza ni, na yule kaka alirudi kundini lini. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nimekuja kuelewa nikiwa mama. Yule dada tangu mdogo kila alichokatazwa sababu ilikuwa ni watu, utatuaibisha, watu watasemaje, wewe ni mjukuu wa mzee wa kanisa. Hakuna siku mtu alikaa nae akamwambia mwili wako Mungu kauumba kwa heshima na anaupenda. Sasa aibu inaishi kwa macho ya watu, yasipokuwepo imekwisha. Unampeleka binti chuo Dodoma, anakaa hosteli, hamna mama, hamna jirani, hamna mzee wa kanisa, ana simu yake na intaneti yake, unafikiri aibu ya kijijini itamfuata mpaka kule? Na siku akiteleza atafanya kile alichokizoea tangu utotoni, atakificha, na atakuja kusema kikiwa kimeshaharibika kabisa.

Na hapo ni pale alipokosea yeye. Kuna pale anapokosewa, na hili ndo linaninyima usingizi. Binti anashikwashikwa na ndugu, au mwalimu wa tuisheni, anakaa kimya kwa sababu akisema nyumba itaaibika, na tulishamwambia mtoto wa kike mwenye adabu hajibizani na wakubwa. Yani tunamfunga mdomo sisi wenyewe na tunaiita adabu. Wangu nawataka wawe na heshima, tena sana, lakini niliwasomea Hesabu 27, wale mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, baba yao kafa bila mtoto wa kiume, wakasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote wakadai urithi, na Mungu akamwambia Musa wanachosema ni haki. Sisi tuliotoka kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo Uchagani, ambapo shamba linaenda kwa mtoto wa kiume na dada anaangalia tu, tunajua hiyo habari ina uzito gani. Mkubwa aliisoma mara mbili akakaa kimya.

Kinachoniuma ni kwamba dawa tunayo nyumbani. Katekisimu Ndogo, kile kitabu chetu cha mafundisho ya imani, Martin Luther aliiandika 1529 ili baba wa nyumba awafundishe watu wake, na maelezo ya kila amri yanaanzia palepale, kumcha Mungu na kumpenda, vyote viwili kwa pamoja. Majirani wanaotuchungulia hawamo. Ile ya sita, usizini, inataka tuwe safi kwa maneno na matendo, na haikuandikiwa wasichana peke yao. Kwa hiyo kwangu Jumamosi usiku baba yao ndo anamsikiliza mkubwa akisema katekisimu yake, na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na saba anayeishi nasi, anakaa hapohapo na anaulizwa maswali yaleyale, na vyombo anaosha kwa zamu kama wenzake. Sitaki kulea mabinti wasafi kwa ajili ya vijana ambao hakuna aliyewadai chochote. Wengine wanasubiri kichen pati, yani miaka ishirini hujaongea na mwanao alafu usiku mmoja ukumbini, na MC na muziki, ndo mashangazi wanamwaga kila kitu.

Novemba 2021 serikali iliposema wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shule, mama mmoja kwenye jumuiya yetu alisema tunafungulia uzinzi. Namheshimu yule mama. Ila nilimwambia mimi nina dada yangu hakurudi shule, akauza ndizi na parachichi sokoni mpaka mtoto wake akamaliza chuo, na katika watu wote nnaowajua hakuna anayesali kama yeye. Tungempokea mapema tungepungukiwa nini?

Mwezi uliopita huyu mdogo alikuja chumbani kwangu taa zimeshazimwa. Akasema mama, ile mia tano ya sadaka ya sande skuli nilinunua ubuyu. Ilikuwa wiki mbili zimepita, hakuna aliyemwona, mwalimu hakujua, dada yake hakujua, mimi ndo kabisa. Nikamuuliza kwa nini unaniambia leo, akasema nikisali nakumbuka. Nilikuwa nimechoka na maneno ya ukali yalikuwa karibu kunitoka, wewe unaiba sadaka, watu watasemaje, nilikuwa naisikia kabisa sauti ya mama mkubwa kwenye koo langu. Nikayameza. Nikamsogezea shuka tukasali wote wawili, na Jumapili akatoa elfu moja, mia tano ya siku hiyo na mia tano ya deni, ameitoa kwenye hela yake ya kibubu.